Kimya cha Njia Panda

Marehemu mume wangu Linus hakuwa anasikia vizuri. Hakuzaliwa hivyo. Alifanya kazi kwenye mashine za kupasulia mbao tangu ujana wake, kwanza Matembwe, halafu huku kwetu Kifanya, na wakati ule hakuna aliyefikiria kuziba masikio. Msumeno ulimla usikivu kidogo kidogo. Alipofika umri wa kupumzika, ukitaka akusikie ilibidi ukae mbele yake, mahali pakiwa pametulia. Kanisani alikaa benchi la mbele ili afuate midomo ya padre. Nyumbani tulishazoea. Shida ilikuwa kwenye gari, maana dereva hawezi kuangalia midomo ya mtu.

Tulikuwa na pikapu ya zamani iliyonguruma kuliko mashine yenyewe ya mbao. Kutoka Kifanya kupita Njombe mjini mpaka sokoni Makambako tulikwenda bila kusemezana. Nikiwa na neno nililibeba mpaka tulipofika, na mara nyingi tulipofika nilikuta nimelisahau, au limeshapoa.

Halafu pikapu ikafa kabisa. Mwezi wa tisa, baridi ikiwa imeisha, Linus akanunua gari dogo la Kijapani, lile jeupe. Mara ya kwanza kwenda nalo Makambako tulifika pale njia panda, barabara yetu ya Njombe inapokutana na barabara kuu. Kila anayepita pale anajua: malori ya Tunduma yanafuatana, na wewe wa gari dogo unasubiri mpaka upate upenyo. Linus akakanyaga breki, gari likasimama, na injini ikanyamaza. Kimya kabisa. Tukajua limeharibika. Linus akawasha taa za hatari, akashika ufunguo, na alipoinua tu mguu kwenye breki, gari likawaka lenyewe kama vile hakuna kilichotokea.

Tuliporudi alimpigia simu aliyetuuzia, nami nikawa nasikiliza na kumwambia kwa midomo anayosema yule bwana. Kumbe ndivyo lilivyotengenezwa. Likisimama linajizima lisichome mafuta bure, ukiinua mguu linajiwasha. Kuna taa ya kijani kwenye dashibodi, herufi A iliyozungukwa na mshale. Ikiwaka hiyo, ujue limejizima kwa hiari yake.

Mara ya pili pale njia panda Linus hakushtuka. Gari lilinyamaza, taa ya kijani ikawaka, akanigeukia uso mzima, akasema, "Haya, Mama Oliva, sema sasa. Nakusikia."

Siku hiyo sikuwa na neno. Nikamwambia maharage yanataka palizi. Akajibu kwamba ameyaona, kesho tuyaingie. Malori yakapita, akainua mguu, tukaenda zetu. Lakini tangu siku hiyo nilianza kuweka maneno. Tukitoka Kifanya ninalo moja, tukipita Njombe nina mawili, na pale njia panda nayatoa. Mengine ya mzaha, mengine mazito. Pale ndipo nilimwambia kwamba nimemsamehe kaka yangu, jambo ambalo nyumbani mdomo ulikuwa mzito kulisema. Pale ndipo naye aliniambia kwamba miguu inamvimba jioni, na kwamba alikuwa hataki nijue. Malori yakiwa mengi tulifurahi. Wenzetu nyuma wanapiga honi, sisi tunaongea.

Hata Oliva, Linus alijaribu kumpigia simu akiwa pale. Oliva ni binti yetu, mtoto wetu wa pekee aliye hai, ni muuguzi huko Bulongwa, Makete. Simu Linus alikuwa hazipendi, alisema ni sauti za nyuki ndani ya kopo. Lakini Jumapili moja ya mwezi wa tatu, gari likiwa limenyamaza, akatoa simu mfukoni, akampigia. Ikaita mpaka ikakata. Akairudisha mfukoni na tukaendelea kuongea.

Ilikuwa Jumapili yake ya mwisho. Katikati ya juma moyo ulimsimama akiwa anafunga banda la kuku. Bwana alimchukua bila maumivu marefu, nami namshukuru kwa hilo, ingawa bado sijamaliza kumwuliza kwa nini hakuacha hata nafasi ya kuagana. Mvua zilikuwa kali. Barabara ya kutoka Makete ilikatika kwa udongo ulioporomoka, na Oliva alifika tumeshazika. Alikuta maua yamelowa juu ya kaburi. Alisimama pale, akapiga ishara ya msalaba, akaja jikoni kuosha vyombo vya wageni. Hakulia mbele yangu, na habari ya siku hiyo hakuigusa tena. Akipiga simu ananiuliza nimekula nini, presha imepimwa lini, dawa ninazo. Namjibu. Tunaagana. Baada ya hapo nakaa na simu mkononi.

Ndugu walipokaa kikao baada ya arobaini, gari likapewa Oliva. Mimi ndiye niliyelisema kabla hawajaniuliza. Yeye anakwenda vijijini kuchanja watoto, anapanda milima ya kule kwa pikipiki za watu. Mimi nina miguu na nina basi. Akasema atakuja kulichukua mwezi wa nane, akipata likizo.

Kwa hiyo nilikuwa na muda mpaka mwezi wa nane. Nilichokuwa nakitaka ni kitu kimoja: nifike pale njia panda na gari hilo, ninyamaziwe mara moja tu kabla halijaondoka. Sikudhani Linus atanijibu. Mimi ni Mkristo, najua marehemu wako wapi na nani anawatunza. Ila kuna mahali ambapo mtu alikuwa anakusikia, na ukipakosa unapatafuta. Nilikuwa na maneno niliyoyaweka tangu mwezi wa tatu. Kaburini nilijaribu kuyasema, lakini pale nililia tu. Nyumbani kila kitu kinaongea chenyewe, kuku, redio ya jirani, bati.

Shida ni kwamba gari lilikuwa limeacha kunyamaza.

Wakati wa matanga lilikaa limesimama bila kuguswa, na betri ikafa. Shemeji yangu Yusto, mdogo wake Linus, akaipeleka kwenye kibanda kimoja cha kuchaji, wakaifunga kwenye chaja kubwa ya betri za malori ili iwahi. Ikarudi imevimba ubavuni kama mtu mwenye jino bovu. Yusto, kwa moyo mwema, akanunua nyingine, betri ya kawaida inayofungwa kwenye gari lolote. Gari likawaka. Nikamshukuru. Linus alinifundisha kuendesha miaka mingi iliyopita na leseni ninayo, kwa hiyo Jumatatu ya soko nilipakia viazi nikaenda Makambako. Njia panda nikakanyaga breki, gari likasimama, injini ikaendelea kuunguruma. Taa ya A ilikuwa inapepesa rangi ya chungwa. Nilisubiri malori yapite huku nikiangalia ile taa, na kelele ya injini ilikuwa kama mtu anayeongea juu ya maneno yako.

Hapo ndipo nilipoanza kwenda kwa Shedrack. Ni fundi umeme wa magari pale Makambako, karibu na stendi, kijana wa Kikinga mwenye maneno mengi. Aliiangalia ile betri, akaguna. Akanieleza kwamba gari la namna hii linataka betri ya namna yake, iliyotengenezwa kuvumilia kuwashwa mara nyingi kwa siku. Ya kawaida inazoea kuwasha asubuhi na kupumzika. Hii ya Yusto, alisema, inafanya kazi isiyo yake, na gari linajua, ndiyo maana linakataa kujizima: linaogopa likizima halitawaka tena. Nikamwambia basi atafute inayotakiwa. Akaagiza, ikaja kwa basi.

Aliichaji mwenyewe kabla ya kuifunga, kwa chaja ndogo, polepole, kutwa nzima. Nilikaa kwenye benchi lake nikiwa na rozari yangu. Alipoiongezea chaji ikiwa ndani ya gari nikaona waya mwekundu wa chaja ameubana kwenye betri lakini mweusi ameubana kwenye chuma cha bodi, mbali. Nikamwuliza kama amekosea. Akacheka, akaniita karibu, akanionyesha kidude kidogo kilichokaa kwenye temino ya hasi, pale waya mweusi wa gari unapofungwa kwenye betri.

Alisema hiki ni kama karani wa ghala la mahindi. Kila umeme unaoingia na unaotoka lazima upite kwake, ndiye anayejua ghalani kuna kiasi gani. Ukibana waya moja kwa moja kwenye betri, umeme unaingia kwa dirishani, karani hauoni, na gari linabaki linadhani ghala ni tupu. Nikaelewa. Akaunganisha mashine yake ya kupimia, akaliambia gari kwamba limepata betri mpya, akanirudishia ufunguo. Alisema nilipatie gari muda kidogo, litazoea.

Nikalipatia muda. Ilikuwa mwezi wa sita, baridi imeshika. Watu wa pwani wakisikia baridi ya Njombe wanadhani tunazidisha, lakini asubuhi majani yanakuwa meupe, na maji kwenye beseni yanashika ngozi ya barafu. Kila siku ya soko nilikwenda, na kila mara njia panda injini iliendelea kuunguruma. Taa ya chungwa ilikuwa imeondoka, lakini ya kijani haikuja. Nikarudi kwa Shedrack. Akapima betri: nzima, imejaa. Akapima altaneta, ile inayoichaji betri gari likitembea. Akaangalia kama boneti inafunga sawasawa, maana gari likidhani boneti iko wazi halijizimi. Akaniuliza kama nafunga mkanda. Nafunga. Akaniuliza kama nawasha joto la ndani mpaka mwisho, kwa sababu linakula umeme na injini haiwezi kupumzika. Sijawahi kuwasha, mimi navaa sweta. Akakuna kichwa. Mwezi wa saba nikarudi tena, akapima tena, akaniambia gari hili ni zima kuliko yeye.

Siku hiyo nilichoka. Nikamwambia kwa upole kwamba asihangaike tena, mwezi ujao linaondoka. Na kwa sababu nilitaka kuinuka bila machozi, nikaongea jambo lolote, nikamwambia hata saa ya gari ni mbovu, kila asubuhi inaanza upya, na redio inasahau stesheni. Kila siku naipanga upya.

Shedrack alikuwa ameinamia boneti. Akainuka.

"Mama, inaanza upya kila asubuhi?"

"Kila asubuhi."

"Hili gari usiku linalala wapi?"

"Nje, chini ya turubai."

"Na betri?"

"Betri inalala jikoni."

Alinitazama na mita yake mkononi. "Jikoni kwa nani?"

"Kwangu. Karibu na mafiga, juu ya ubao."

Lazima nieleze hapa, maana kwetu halikuwa jambo la ajabu. Pikapu ile ya zamani asubuhi za baridi ilikuwa haiwaki. Kwa hiyo kila msimu wa baridi ukifika, Linus jioni alifungua betri kwa spana namba kumi, akaifunga kwenye kitenge changu cha zamani, akaileta jikoni ilale na joto. Asubuhi anairudisha, na pikapu inawaka kwa mkupuo mmoja wakati majirani wanasukuma magari yao. Nusu ya Kifanya waliiga kwake. Hili gari jeupe Linus hakuwahi kulipitisha kwenye baridi hata moja, alilinunua baridi imeisha na akafa kabla haijarudi. Baridi ilipokuja, nilichukua spana yake ilipokuwa inaning'inia, nikatoa kitenge kilekile, nikafanya alivyokuwa anafanya. Ubao ni wake, alisema betri isikae chini kwenye saruji. Jioni nikisali rozari betri inakuwa hapo karibu na moto, na jikoni panakuwa kama pana mtu aliyeingia kutoka kazini.

Shedrack aliketi juu ya tairi. Alijaribu kujizuia kucheka, akashindwa.

"Mama Oliva, mimi nina mke mwema, lakini hajawahi kunilaza karibu na moto namna hiyo."

Nikacheka na mimi, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Halafu akanieleza, na kicheko kikaisha. Alisema ukiitoa betri, yule karani unamfukuza kazi. Asubuhi ukiirudisha, anaanza karani mpya ambaye hajui ghalani kuna nini. Na kuhesabu hahesabu mchana gari likikimbia, anahesabu usiku gari likiwa limelala lote pamoja, betri ikiwa mahali pake, saa nyingi, hakuna anayeligusa. Akishajua, ndipo anaruhusu gari lizime. "Sasa wewe kila jioni unamfukuza," alisema. "Karani wa siku moja ataruhusu vipi gunia litoke?"

Nikamwuliza kuhusu baridi. Akasema betri hii inaivumilia. Iache humo. Barafu idondoke, iache humo.

Nilirudi Kifanya nikiwa na jambo zito kuliko nilivyodhani. Kumsikia anasema "iache" ilikuwa rahisi, lakini jioni ilipofika na mkono ukaenda wenyewe kwenye spana, nikasimama. Nilikuwa nimebakiwa na mambo machache ya Linus ambayo mikono yangu inayajua. Hili lilikuwa mojawapo. Nikajua basi kwamba nikitaka kile kimya chake itanibidi niache kazi yake. Nikairudisha spana kwenye msumari. Nikakunja kitenge nikakiweka kabatini. Niliposali rozari ubao ulikuwa mtupu, nikaugeuza nikauegemeza ukutani nisiuone.

Asubuhi turubai ilikuwa ngumu kama bati kwa barafu. Niliingia ndani ya gari nikiwa na hofu. Likawaka. Na saa ya dashibodi ilikuwa inasema saa ya kweli. Niliitazama kwa muda mrefu kuliko inavyostahili saa kutazamwa.

Sikwenda Makambako juma hilo. Oliva alikuwa amenipigia kwamba likizo imetoka mapema, anakuja, na nilitaka gari lilale siku nyingi kadiri iwezekanavyo bila kuguswa. Safari yangu ya Makambako ilikuwa imebaki moja: kulipeleka kwa Shedrack aliangalie breki na mafuta kabla ya milima ya Makete. Nilikuwa nimepanga niende peke yangu. Nitoke mapema, nifike njia panda, niseme niliyoyaweka, nirudi, nimkabidhi ufunguo.

Oliva alikataa. Alifika jioni amekonda, amebeba mfuko wa viazi mviringo kana kwamba Kifanya hakuna viazi, na nilipomwambia nina safari asubuhi akasema haniachi niendeshe peke yangu na presha hii. Nikamwambia nimeendesha miezi yote hii na presha hiihii. Akasema basi atakaa pembeni. Sikuweza kumwambia kwamba ile nafasi ya pembeni ilikuwa na mtu. 

Tukatoka jua likiwa halijayeyusha nyasi. Oliva akasema anaganda, akapeleka kitufe cha joto la ndani mpaka mwisho. Njombe mjini watoto wa shule walikuwa wanavuka. Nikasimama, nikashika usukani kwa nguvu. Injini ikaendelea kuunguruma. Watoto wakapita na masweta yao. Niliwaza, basi, Mungu amesema hapana. Halafu, tumeshaupita mji, nikakumbuka Shedrack alichoniuliza. Nikanyoosha mkono nikazima joto.

Oliva akalalamika. Akauliza kama nimeokoka kwenye baridi siku hizi. Nikamwambia achukue blanketi kiti cha nyuma. Alijifunga, akabaki anaangalia mashamba ya miti yanavyopita mpaka tulipoona mabati ya Makambako. Nilimwangalia kwa pembe ya jicho. Anavyotafuna mdomo wa chini, ni baba yake akiwa na jambo.

Malori siku hiyo yalikuwa mengi. Yanatoka upande wa Iringa, yamefuatana, turubai za kila rangi. Nikakanyaga breki pale pale tulipokuwa tunasimama na Linus. Gari likatulia. Nikahesabu pumzi moja, na injini ikanyamaza.

Taa ya kijani ikawaka.

Sikusogea. Niliogopa hata kumeza mate. Kila kitu kilikuwa kama tulivyokiacha, mlio wa tairi kubwa kwenye lami, muuza karanga upande ule, na humu ndani pametulia kabisa. Niliyoyaweka yalikuja yote kooni kwa pamoja. Miche ya parachichi aliyoipandikiza imetoa maua. Kaka yangu alikuja kwenye maziko, akabeba jeneza. Na lile moja ambalo sitaliandika. Nikafungua mdomo.

"Mama, limezima," Oliva akasema. Alikuwa ameshika dashibodi.

Nikamgeukia. Uso wake ulikuwa karibu, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyekesha miezi mingi. Nikajua kwamba hapa pana mtu mmoja tu wa kusikilizwa, na si mimi.

"Halijazima," nikamwambia. "Limetupa nafasi. Haya, mwanangu, sema sasa. Nakusikia."

Hakuniuliza aseme nini. Alitazama malori.

"Baba alinipigia," akasema. "Jumapili ile. Niliona jina lake. Nilikuwa wodini, nikajua hasikii kwenye simu, nitapiga kelele bure mbele ya wagonjwa. Sikupokea. Nikasema nitampigia kesho. Kesho yake nikasahau, mama. Nilisahau tu."

Lori moja likapita, na lingine.

"Alipigia hapa," nikamwambia.

"Wapi?"

"Hapa. Gari limesimama hivi, limenyamaza hivi. Humu ndani likinyamaza alikuwa anasikia. Ndiyo maana alipiga, alitaka akusikie vizuri."

Akaniangalia kama asiyeniamini. Akauliza, kwa sauti ndogo sana, kama baba yake alikasirika.

"Alisema, yuko na wagonjwa, mwache. Akairudisha simu mfukoni, akanisimulia siku ulipozaliwa, ulivyolia mpaka hata yeye akasikia."

Hapo Oliva akalia. Alilia kwa mdomo wazi, kama mtoto, uso ameuficha kwenye blanketi la gari. Nikamshika kisogo kwa mkono mmoja, mguu wangu ukiwa kwenye breki. Malori yaliisha. Barabara ikawa wazi pande zote, na nyuma yetu mtu akapiga honi, halafu mwingine. Sikuinua mguu. Niliwaza watapita pembeni, wana usukani.

Tulikaa hivyo mpaka gari lenyewe likajiwasha, bila mimi kuinua mguu. Linus alishaniambia, betri ikianza kuchoka gari halisubiri mtu. Ile taa ya kijani ikazimika, injini ikaunguruma, na sauti ya kilio cha Oliva ikaingia ndani ya mngurumo ule ikawa ndogo.

Niliyokuwa nimeyaweka yalirudi nyumbani pamoja nami. Bado ninayo.

Kesho yake asubuhi nilimkabidhi ufunguo, pamoja na spana namba kumi. Akauliza ya nini. Nikamwambia ni ya baba yake, aitunze, ila asiitumie. Betri aiache ilale humo humo, hata Bulongwa kukiwa kweupe kwa barafu. Na akifika popote penye kusubiri, gari likinyamaza, asiharakishe kuinua mguu.

Nilisimama barabarani mpaka likapotea kwenye miti. Halafu nikaingia jikoni, nikawasha moto, nikaugeuza ule ubao, nikaulaza mahali pake karibu na mafiga, nikaukalia.